Maji Yaliyopanda Mlima

Kituoni
12 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na sikio lako la upande wa injini halijazidi kuziba. Mimi sijambo, ila nimekonda. Mpishi wa kituo hiki anapika kama mtu anayetuadhibu. Barua anakuletea dereva wa mradi kwa mkono, maana mimi na wewe kwenye simu ni ugomvi mtupu: mimi napiga kelele huku, wewe unajibu habari nyingine huko, salio linakwisha tunabaki tumenuniana.

Sasa nisikilize, maana siku ile ya kupanda ulikuwa unawachekesha vibarua. Ile miche iliyo kwenye mteremko nyuma ya nyumba yako ndiyo roho ya utafiti wangu. Mlima ukibaki uchi, mvua ikinyesha maji yanashuka mbio na udongo wote, hayazami, na chemchemi ya bondeni inakauka. Tukirudisha miti ya asili huko juu, maji yatazama na chemchemi itaamka. Lakini hakuna mtu anayeweza kumwagilia mlima mzima, baba. Kwa hiyo tunachimba vishimo vya nusu mwezi vya kunasa mvua, tunapanda mche ndani, halafu tunauacha upambane na kiangazi peke yake. Ukipona, njia hii inafaa. Ukifa, haifai, tunatafuta nyingine.

Ndiyo maana nakuomba usiimwagilie. Hata tone. Hata maji uliyonawia mikono. Kazi yako ni kufukuza mbuzi wa shangazi, basi.

Tulikuwa na mashamba matatu ya majaribio. Moja limeporomoka lote na udongo, la pili limepitiwa na moto. Limebaki lako tu. Mkurugenzi ametuambia wazi kwamba mvua za mwisho wa mwaka zikitukuta mikono mitupu, kituo kinafungwa, na mimi mkataba wangu unaishia hapo. Kusoma kote kule, baba, halafu nirudi nyumbani na sanduku.

Msalimie shangazi. Mwambie yeye ndiye aliyenilea na mbuzi wake nawaheshimu, lakini wakae mbali na miti yangu.

Binti yako


Nyumbani
2 Juni

Mwanangu Profesa,

Marahaba, tena marahaba kubwa. Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani.

Nimeelewa. Maji marufuku. Nimechukua kiti changu nimekiweka juu kule pembeni ya vishimo vyako, nakaa na fimbo. Watu wakipita wanauliza, "Breki, siku hizi unalinda majani?" Nawajibu nalinda shahada ya mwanangu. Wanacheka, na mimi nacheka. Mtu aliyeendesha lori ujana wake wote, leo anafukuza mbuzi! Shangazi yako amekuja juu kwa hasira kwamba nimempiga beberu wake jiwe. Mimi sikumpiga, nilimtishia tu, yule beberu ana maneno mengi kama mwenyewe.

Hilo la mkataba limeninyima usingizi. Chakula cha jioni kilinishinda. Ningekuwa na namna ya kukusaidia ningekusaidia, lakini dereva wa lori atakusaidia nini kwenye mambo ya vyanzo vya maji? Nitalinda. Mungu atafanya lake.

Kula vizuri. Huyo mpishi mkemeeni.

Baba yako


Kituoni
20 Agosti

Baba,

Shikamoo. Habari za kiangazi? Huku vumbi mpaka kwenye mswaki.

Nimepita shambani kwako na wapimaji juzi, ulikuwa umeenda zahanati, sikukuona. Majani yameanza kujikunja. Yule mpimaji kijana ameniambia, "Dada, hapa tusubiri mazishi." Nimemkaripia, lakini njiani nimelia ndani ya gari, dereva akajifanya haoni.

Wenzangu wameshaanza kutuma maombi ya kazi kwingine. Mimi sijaandika hata moja. Nimeipa kazi hii kila kitu, sikuolewa, sikujenga, sikukaa na wewe. Ikifa sijui nitasema nilikuwa nafanya nini miaka yote hii.

Niombee tu, baba. Sina la kukuomba zaidi ya hilo.

Binti yako


Nyumbani
15 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Pole na mawazo. Acha kulia kwenye magari ya watu.

Miche yako haijambo. Tena naona mingine inatoa majani mapya. Usikate tamaa mapema, vitu vya asili vina ukaidi wake. Mimi bega la kulia linanisumbua kidogo, uzee huo, usinitumie dawa. Shangazi yako anasema ninaamka mapema kuliko jogoo siku hizi na ananichunguza kama nina mwanamke. Umri huu! Nimemwambia napanda mlimani kunyoosha viungo, daktari kaagiza. Kanitazama hivi, kaondoka.

Lala usingizi. Mambo yatakuwa mazuri.

Baba yako


Kituoni
8 Desemba

Baba yangu, baba yangu!

Shikamoo mara kumi. U mzima? Mimi siko duniani, naelea.

Imepona! Tumekuja kupima na mvua za kwanza, wewe mwenyewe umeona, karibu yote imepona. Mkurugenzi alipoona takwimu alimkumbatia dereva. Nilimwambia shamba moja halitoshi kuthibitisha, turudie mwaka mwingine mmoja. Akasema wafadhili hawangojei mwaka mwingine, na miti haisemi uongo. Basi nikakubali. Nani angekataa?

Kituo hakifungwi. Mimi ni mkuu wa utafiti sasa, nina ofisi yenye dirisha linalofunguka. Na njia yetu inapelekwa kwenye bonde zima, miteremko yote, kuanzia mvua za mwezi wa tatu. Kila familia iliyo na malisho mlimani inaombwa itoe mlima wake, iache kuchunga, ichimbe vishimo, sisi tunaleta miche. Chemchemi itarudi, baba. Wewe utaiona kwa macho yako.

Najua shangazi atakuwa mgumu. Mteremko wake ndio mkubwa kuliko yote. Zungumza naye. Wewe kaka yake, atakusikiliza. Akitoa yeye, kijiji kizima kitatoa.

Mwanao mwenye furaha


Nyumbani
4 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Hongera sana, nimefurahi, nilimwambia kila mtu mpaka wakanichoka. Mkuu wa utafiti! Mama yako angekuwepo angepiga vigelegele hadi bonde la pili.

Nina swali la mtu asiyesoma, usinicheke. Mlima wangu una udongo wake, labda mwingine hauna. Je, hamuwezi kuipa miche ya watu maji kidogo mwanzoni? Kidogo tu, kikombe. Au mngoje mwaka mmoja kama ulivyosema wewe mwenyewe. Mimi najiuliza tu. Gari jipya huliendeshi kwa mwendo wa mwisho siku ya kwanza.

Shangazi yako nimezungumza naye. Alisema, "Kaka, wewe ukiniambia umeona kwa macho yako, mimi natoa." Nikamwambia nimeona. Atauza mbuzi wote, hana pa kuwachungia. Beberu kachukuliwa jana, alilia njia nzima.

Nijibu hilo swali.

Baba yako


Kituoni
19 Februari

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, siku hizi sina hata muda wa kuchana nywele.

Hapana baba, maji hayahitajiki, ndiyo uzuri wake. Umesahau? Miti yako ndiyo iliyotufundisha hivyo. Na kungoja haiwezekani tena, miche imeshapakiwa. Mwambie shangazi nampenda, na kwamba hatajuta.

Mwanao


Nyumbani
28 Septemba

Mwanangu,

Nimeandika barua tatu nikazichana. Hii naipeleka hivyo hivyo.

Miti imekufa. Ya shangazi yako yote, ya majirani, kuanzia juu hadi kwenye kijito. Ukisimama mlangoni kwangu unaona vijiti tu, mlima mzima vijiti, na vishimo vikavu. Vile vishimo alivichimba yeye mwenyewe kwa jembe na kamba ya kupimia, vimekaa sawa utadhani kavipima na rula. Juzi nilimkuta amekaa chini katikati yao, anavunja vijiti kimoja kimoja. Nikamsalimia. Hakuitikia. Dada yangu wa tumbo moja, mwanangu, hakuitikia salamu.

Zizi lake ni tupu. Watu wengine wameenda mjini kutafuta vibarua. Wanapita hapa kwangu, wanatazama mteremko wangu ulivyo kijani, halafu wananitazama mimi. Hakuna anayenitania tena.

Kijito kimebaki tope. Njoo. Usitume mpimaji, njoo wewe.

Baba yako


Kituoni
17 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nilirudi salama. Ahsante kwa chakula, ingawa nilikiacha.

Uliniuliza mlangoni mbona nimenyamaza. Mkurugenzi alikuwa pale na dereva pale, sikuweza kusema. Nasema sasa.

Nilipopanda peke yangu shambani kwako nilichimba chini ya mti mmoja. Mti uliopita kiangazi bila maji hushusha mzizi mrefu chini kuyatafuta, unaweza kuchimba mpaka kiunoni hujafika mwisho. Wa kwako mizizi imekaa juu juu, imejizungusha ndani ya kishimo, kama ya ua lililopandwa kwenye kopo. Nikachimba wa pili, nikachimba wa tatu. Hivyo hivyo. Miti ile haikutafuta chochote, baba. Ililetewa.

Nilifukia haraka kabla mkurugenzi hajafika juu. Sijui kwa nini nilifukia. Mikono ilifanya yenyewe.

Uliimwagilia? Nijibu neno moja tu. Na kama jibu ni ndiyo, nieleze tangu lini, na ulifanyaje wasikuone wapimaji wangu wakati wanakuja kila mwezi.

Binti yako


Nyumbani
21 Oktoba

Mwanangu,

Ndiyo.

Ilipokuja ile barua yako ya kulia ndani ya gari, niliiweka mezani nikaitazama siku nzima. Umeandika hukuolewa, hukujenga, ikifa hujui ulikuwa unafanya nini. Kesho yake alfajiri nilikata mti wa kubebea mabegani, nikafunga dumu huku na dumu huku, nikateremka bombani nikajaza, nikapanda. Kila mche kikombe kimoja. Nikimaliza natandaza udongo mkavu juu ili pasionekane pabichi, nafuta nyayo zangu kwa tawi, narudi naketi na fimbo yangu kama mlinzi. Wapimaji wakija nawakaribisha chai. Watu wanasema maji hayapandi mlima. Mimi niliyapandisha, bega hili ndilo shahidi, halinyanyuki tena hata kuvaa shati.

Nilijua ni marufuku. Sikudanganyika, sikusahau, usinitafutie udhuru. Lakini niliona ni mtihani, na mtoto wangu anafeli, na jibu liko bombani. Mzazi gani atakaa na fimbo anatazama? Nilidhani nadanganya karatasi tu. Sikujua karatasi hiyo itarudi kuwa mlima wa watu.

Uliponituma kwa shangazi yako ndipo nilipogutuka. Nikakuuliza lile swali la kikombe kwa kuzungukazunguka, maana mdomo ulikuwa mzito. Ulipojibu hapana, nilipaswa kusema. Nikanyamaza. Nikajiambia labda mvua zitakuwa nzuri, labda miti ya wengine ina bahati. Yangu nimeendelea kuinywesha kimyakimya mpaka leo, ningeacha ingekufa ikaonekana. Hivyo ndivyo nilivyomuuzia dada yangu mbuzi wake wote.

Nina aibu mwanangu. Siwezi kukutazama. Sasa wewe ndiye msomi, niambie tufanye nini. Nitakwenda kwa mkurugenzi, nitakwenda kwa wanakijiji, popote utakaponipeleka.

Baba yako


Kituoni
9 Novemba

Baba,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Kwanza nilikasirika nikataka kuvunja vitu. Halafu nilikuona umebeba yale madumu gizani na bega lako hilo, nikalia mpaka nikaishiwa machozi. Sitakudanganya kwamba nimesamehe. Sitakudanganya pia kwamba sikupendi. Vyote viwili viko hapa, vinasukumana.

Nilikuomba uniombee. Sikukuomba unibebee.

Sikiliza sasa. Ripoti nimeshaiandika na imeshakwenda. Nimesema kiangazi kilikuwa kikali kupita kawaida, na kwamba wananchi hawakuchimba vishimo kwa kipimo tulichowapa. Mkurugenzi ameipokea. Mwakani wanahamia bonde la ng'ambo na usimamizi mkali zaidi.

Najua unavyonitazama sasa hivi. Lakini fikiria na wewe. Nikisema ukweli, nitaitwa tapeli, mimi niliyetia sahihi. Kituo kitafungwa, wenzangu wote watarudi makwao, na hakuna atakayeamini tena neno la mtu yeyote kuhusu chemchemi au miti. Na wewe kijiji kitakutafuna mbichi. Kwa hiyo hatusemi. Wewe ulianza kunyamaza, baba, malizia.

Barua hizi zichome.

Mwanao


Nyumbani
14 Novemba

Mwanangu,

Sijachoma kitu.

Maafisa wenu walikuja wakasoma ile ripoti mbele ya watu, uwanjani pale shuleni. Wakasema vishimo vilichimbwa vibaya. Shangazi yako alisimama akauliza, "Vya nani?" Wakasema vya wote. Akaenda nyumbani akachukua ile kamba yake ya kupimia, akaja nayo, akaishika tu mkononi, hakuna aliyemwangalia. Yeye ndiye aliyekufundisha kutembea. Mimi nilikuwa barabarani na lori, unajua.

Usimwandike hivyo dada yangu. Mimi niadhibu unavyotaka, lakini yule hapana, hakufanya kosa hata moja.

Na hilo bonde la ng'ambo lina watu. Wana mbuzi, wana ng'ombe, wana watoto wanaokunywa maziwa. Wataambiwa watoe mlima, watatoa, kwa sababu kuna mlima mmoja wa kijani nyuma ya nyumba ya mzee Breki. Wameanza kuletwa kuuona, juzi wamekuja na gari zima. Mwanamke mmoja ameshika jani akaniuliza, "Kweli baba, bila maji?" Mwanangu, nilijifanya sisikii.

Nimekosa mara moja kwa ajili yako na sikujua ukubwa wake. Hii ya pili ukubwa wake naujua. Siwezi. Siku ya ule mkutano mliouitisha mwezi ujao wa kuwaandikisha watu wa ng'ambo, nitasimama. Nakuambia mapema ili usimame wewe kabla yangu. Ukisema wewe itakuwa heshima. Nikisema mimi itakuwa aibu, lakini itasemwa.

Baba yako


Kituoni
25 Novemba

Baba,

Nakuomba. Nakupigia magoti kwa karatasi. Usisimame.

Nina kazi hii tu. Sina kingine.

Mwanao


Nyumbani
11 Desemba

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama. Mliondoka kwa haraka, sikukuaga.

Nakuandikia ili tukubaliane kilichotokea, maana hapa kila mtu ana hadithi yake. Nilisimama. Niliwaambia wale wa bonde la ng'ambo wasitoe milima yao, niliwaambia habari ya madumu, ya alfajiri, ya udongo mkavu na ya tawi la kufutia nyayo. Nilimwambia shangazi yako mbele ya watu kwamba vishimo vyake havikuwa na kasoro. Nikafikiri, haya, sasa mawe yaje.

Ndipo mkurugenzi alipogeuka akakuuliza. Uliangalia chini. Nilikuwa nimesimama karibu, niliona kidevu chako kinatetemeka kama ulivyokuwa mdogo unapotaka kulia. Ukasema, "Baba yangu ni mzee. Siku hizi anachanganya mambo."

Hukusema kwa ukali. Ulisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyowafanya waamini. Watu walipumua. Mmoja akasema, "Masikini, Breki." Mkurugenzi akaja akanishika mkono akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Na wale wa ng'ambo wakaanza kuandikisha milima yao, mimi nikiwa nimekaa palepale nawatazama.

Tangu siku hiyo nimesamehewa, mwanangu. Ungeona. Shangazi yako anakuja asubuhi na jioni, ananiletea chai, amenifichia kiberiti nisije nikaunguza nyumba. Ananifunga vifungo vya shati. Tangu miti ife hakunisemesha, sasa ananisemesha polepole, kwa sauti ya juu, kama anamlisha mtoto. Nikimwambia, "Dada, ni kweli niliyosema," ananipapasa mgongo, anasema, "Ni kweli kaka, ni kweli, kunywa chai." Wale majirani waliokuwa hawanisalimii wanasimama njiani kunisalimia. Nilikuwa mwizi wao, sasa mimi ni mgonjwa wao. Wametuliza mioyo yao, na mimi sina haki ya kuwanyima.

Nimekasirika? Nilikasirika siku ya kwanza, nikakuita majina ambayo sitayaandika. Sasa naumia tu. Naumia kwa sababu nakuelewa. Ulimwokoa mtu unayempenda kwa kudanganya mbele ya watu, na huyo mtu ulikuwa wewe mwenyewe. Mimi nilidhani nakufanyia wema, kumbe nilikufungulia njia, na wewe umepita. Kosa ni letu sote, lakini mimi ndiye niliyetangulia.

Nimeacha kuinywesha ile miti, na mvua za mwaka huu zimechelewa. Bega haliwezi, na hata lingeweza. Mingine imeshaanza kudondosha majani upande wa juu. Gari la wageni likija mwezi ujao hawatakuta cha kuona, labda hilo litasaidia, labda watasema mzee kaiharibu kwa wazimu wake. Sijui. Nimechoka kubuni watu watasema nini.

Sikulazimishi kitu. Una miaka mingi mbele, na bonde la ng'ambo halijapanda bado, mvua za mwezi wa tatu ziko mbali. Lakini siku utakapokuwa tayari kusema, niwe nipo au niwe nimekwenda, usianze na mizizi wala vishimo. Nenda kwa shangazi yako, kaa naye, muanzie na hili: mwambie kaka yake alikuwa na akili zake timamu. Mengine atayaelewa mwenyewe.

Ni mimi,
Baba yako